Atiman wa Karema, Mwanga wa Majilio



Majilio yameingia, na huku kwetu Unyambwa, Singida, tunangoja vitu viwili: Noeli na mvua. Sasa, anayengoja mvua hakai tu kivulini. Anasafisha shamba, anaweka mbegu tayari. Kungoja kwa namna hiyo kunanikumbusha katekista mmoja ambaye ningependa kila kijana Mkatoliki amjue: Adrian Atiman.

Alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi tunayoiita leo Mali, sehemu za Timbuktu. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Hebu jiweke mahali pake: mama hayupo, lugha huielewi, na wewe ni mali ya mtu. Kuna giza kuliko hilo? Huko ndiko Wamisionari wa Afrika, shirika la Kardinali Lavigerie, walikolipa fedha wakamkomboa. Akasomeshwa, akabatizwa, kisha akapelekwa Malta kusomea udaktari.

Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa bado inawatesa watu wa kule ziwani. Yaani mtoto aliyeuzwa sasa amesimama kati ya watu wanaoogopa kuuzwa, naye amewaletea dawa na Habari Njema. Alitibu wagonjwa, alifundisha dini, alijifunza hata dawa za miti shamba za wenyeji. Alimwoa Agnes, na mtoto wao Yosefu akawa padre. Na hakukaa mwaka mmoja au miwili akachoka. Alitumikia Karema hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67!

Mimi kinachonigusa ni hiki: Atiman hakurudishiwa utoto wake. Mwanga wa Kristo haukufuta yaliyompata, ila ulimwonyesha la kufanya na maisha yaliyobaki. Wengi wetu tunangoja kazi, tunangoja mgonjwa nyumbani apone, tunangoja majibu ya maombi ya muda mrefu. Tunadhani tumaini maana yake kila kitu kitanyooka kabla ya Noeli. Huenda kisinyooke. Lakini hata katikati ya kungoja, kuna mtu anayehitaji mwanga ulio nao wewe.

Basi wiki hii, mshumaa wa Majilio ukiwashwa kanisani, usiishie kuutazama. Mtembelee mgonjwa mmoja. Au muulize katekista wa kigango chako umsaidie nini. Wengi wao wanatembea mbali kwa miguu ili sisi tupate mafundisho.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliye mwanga wa mataifa, njoo katika giza letu. Tufundishe kungoja huku tukitumikia, kama mtumishi wako Atiman. Amina.

Majilio mema!