Hans Wilsdorf, yatima wa Kulmbach aliyeacha saa zinazouzwa kwa bei ya nyumba

Kuna saa za mkono ambazo matajiri wa Geneva, New York na Dubai wanazitafuta leo kama wengine wanavyotafuta dhahabu au parseli mjini. Moja kati yao ni GMT-Master ya kampuni ya Rolex, saa yenye pete ya rangi mbili, nyekundu na buluu, inayomwonyesha mwenye kuivaa majira ya sehemu mbili za dunia kwa wakati mmoja. Mtu aliyeanzisha kampuni hiyo, Hans Wilsdorf, hakujifunza ufundi wa saa. Alikuwa karani, mtu wa barua na hesabu, na mali yake ya kwanza iliuzwa na wajomba zake angali mtoto.

Wilsdorf alizaliwa tarehe 22 Machi 1881 katika mji mdogo wa Kulmbach, jimbo la Bavaria, Ujerumani. Wazazi wake walikuwa na duka la vifaa vya chuma. Mama alifariki, kisha baba, na mtoto akabaki yatima na umri wa miaka 12. Wajomba waliachiwa watoto watatu na duka. Waliamua kuuza duka lote na kutumia feza hizo kwa masomo ya watoto katika shule ya bweni huko Coburg.

Kwa watu wengi wa kwetu, wajomba wanaouza mali ya yatima ni habari yenye mwisho mubaya. Kwa Wilsdorf haikuwa hivyo. Alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba uamuzi ule ndio uliomfundisha mapema kujitegemea. Shuleni alipenda hesabu na lugha za kigeni, na ni lugha zilizomtoa nje ya Ujerumani.

Alianza kazi Geneva kwa mfanyabiashara wa lulu. Kunako mwaka 1900 akapata nafasi katika mji wa La Chaux-de-Fonds, mji wa Uswisi ambamo karibu kila mtaa ulikuwa na fundi saa. Kampuni Cuno Korten ilimpa kazi ya kuandika barua za Kiingereza kwa mshahara wa franka 80 kwa mwezi. Kazi nyingine aliyopewa ilionekana ndogo: kila siku kutia ufunguo mamia ya saa za mfukoni na kuangalia kama zinaenda sawasawa. Hapo ndipo kijana huyo alipojua ni saa gani inachelewa, ni ipi inakimbia, na kwa nini mteja wa mbali hulalamika.

Mwaka 1903 alihamia London. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 24, alifungua kampuni Wilsdorf & Davis pamoja na shemeji yake Alfred Davis. Hawakuwa na kiwanda. Mashine za ndani zilitoka kwa Hermann Aegler, mtengenezaji wa mji wa Bienne, Uswisi, aliyejua kutengeneza mashine ndogo. Wao walizitia katika maganda na kuwauzia wenye maduka ya Uingereza.

Wakati ule saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Mwanaume wa heshima alibeba saa mfukoni, na mafundi wengi waliamini kwamba mashine ndogo namna ile, ikitikiswa siku nzima na mkono, haiwezi kushika majira. Wilsdorf aliweka feza zake upande wa pili wa mabishano hayo. Hakutafuta maneno ya kuwajibu mafundi, alitafuta vyeti. Mwaka 1910 saa yake ya mkono ilipata cheti cha usahihi huko Bienne. Kisha Julai 1914 kituo cha Kew, Uingereza, ambacho kwa kawaida kilipima saa za meli, kiliipa saa ndogo ya Rolex cheti cha daraja A baada ya kuipima siku 45, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa saa ya mkono. Wiki chache baadaye vita vya kwanza vya dunia vikaanza, na askari waliokuwa ndani ya mahandaki wakagundua wenyewe kwamba kutoa saa mfukoni chini ya risasi si kazi rahisi.

Jina Rolex lilikuwa limeandikishwa mwaka 1908. Wilsdorf mwenyewe alisimulia kwamba alijaribu mamia ya majina hadi hilo lilipomjia akiwa juu ya gari la abiria la kuvutwa na farasi mjini London. Alitaka neno fupi, linaloingia vizuri kwenye uso wa saa na linalotamkwa na kila mtu, Mfaransa au Mwingereza. (Wanaovuka mpaka wa Kasindi au Bunagana kuingia Uganda wanajua rolex nyingine, chapati iliyokunjwa na mayai. Hiyo haina undugu na Wilsdorf.) Wenye maduka hawakulipenda. Walizoea kuandika majina yao wenyewe kwenye saa, si jina la mtengenezaji. Wilsdorf hakugombana nao. Katika kila saa sita alizowapelekea, moja aliiandika Rolex; kisha mbili, kisha tatu, na mwishowe zote. Ilichukua karibu miaka 20.

Vita vilimgusa pia kwa sababu nyingine: jina lake lilikuwa la Kijerumani, katika nchi iliyokuwa ikipigana na Wajerumani. Jina Wilsdorf likaondolewa kwenye mlango wa biro mwaka 1915, kampuni ikabaki Rolex peke yake. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza iliweka ushuru wa theluthi moja ya bei juu ya saa zinazotoka ngambo. Mfanyabiashara anayeingiza kila kitu kutoka Uswisi hawezi kuishi na ushuru kama huo. Wilsdorf alihamisha kazi zake Uswisi, na mwaka 1920 kampuni ikaandikishwa Geneva, ambako ingali hadi leo.

Adui mkubwa wa saa wakati huo alikuwa vumbi na maji. Mafundi wawili wa La Chaux-de-Fonds walikuwa wamepata namna ya kufunga kwa parafujo kile kitufe cha pembeni kinachotumiwa kutia ufunguo, mahali ambapo unyevu hupenya. Wilsdorf alinunua haki ya wazo lao, na mwaka 1926 akatoa saa isiyoingia maji aliyoiita Oyster, jina la kiumbe wa baharini anayefunga ganda lake kabisa.

Sasa alihitaji mtu wa kuonyesha jambo hilo mbele ya watu. Tarehe 7 Oktoba 1927 Mercedes Gleitze, karani wa kupiga mashine huko London, alivuka kwa kuogelea bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza. Mwanamke mwingine alipodai kwamba naye amevuka, kisha ikajulikana kuwa ni uongo, watu wakaanza kumtilia shaka hata Gleitze. Akalazimika kurudi majini tarehe 21 ya mwezi huo. Safari hiyo alifungwa shingoni saa ya Rolex. Maji yalikuwa baridi sana, na baada ya zaidi ya saa 10 alitolewa kabla ya kufika. Wengi hadi leo wanafikiri saa ile ilivuka bahari yote; haikuvuka. Lakini ilikuwa bado inatembea, na hilo lilimtosha Wilsdorf. Tarehe 24 Novemba alilipia ukurasa wa kwanza wote wa gazeti Daily Mail. Katika madirisha ya maduka akaweka saa ndani ya vyombo vya maji vyenye samaki. Mwaka 1931 ikafuata saa inayojitia nguvu yenyewe kwa mwendo wa mkono, na hivyo mwenye saa hakuwa tena na sababu ya kufungua kitufe kila asubuhi.

Wakati wa vita vya pili, Wajerumani waliwanyang'anya maofisa wafungwa saa zao. Wilsdorf alikubali kuwatumia nyingine kambini, nao walipe vita vikiisha. Deni la namna hiyo halina dhamana yoyote isipokuwa neno la mfungwa. Ulikuwa wema, na ilikuwa pia biashara ya akili, kwani waliorudi nyumbani wazima walirudi na jina la Rolex mdomoni. Saa ya mmoja wao, Clive Nutting, aliyefungwa katika kambi ya Stalag Luft III, baadaye iliuzwa mnadani pamoja na barua alizoandikiana na Geneva. Wakusanyaji wa saa wanajua maana yake: karatasi zinazoeleza saa imetoka wapi zinaweza kuzidi saa yenyewe kwa thamani.

Katikati ya miaka ya 1950 ndege za abiria zilianza kuwachosha marubani kwa njia mpya. Kampuni ya Marekani Pan American ilikuwa ikiruka juu ya bahari kuu, na rubani alihitaji majira ya Greenwich ajili ya kazi na majira ya mahali alipo ajili ya kula na kulala. Rolex ikatoa GMT-Master, namba 6542. Saa hiyo ina mshale wa nne unaozunguka mara moja tu kwa saa 24, na pete ya nje iliyogawanywa kwa saa 24 ambayo mtu anaweza kuizungusha. Nusu nyekundu ni mchana, nusu ya buluu ni usiku.

Msomaji wa Kongo ataielewa haraka kuliko wengi, kwani nchi yetu yenyewe ina majira mawili. Ikiwa 14:00 Goma, Bukavu au Lubumbashi, Kinshasa ni 13:00. Mtu wa Goma angezungusha pete nafasi moja tu, alama ya saa 13 ikae mbele ya mshale wa nne, na tangu hapo mishale ya kawaida inamwonyesha saa ya nyumbani na pete inamwonyesha saa ya Kinshasa. Katika saa za kwanza mishale hiyo ilifungwa pamoja. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa GMT-Master II, mshale wa saa ulipoweza kusogezwa peke yake.

Pete ile ndiyo iliyogeuka kuwa hesabu kubwa ya wanunuzi. Ya kwanza ilitengenezwa kwa bakelaiti, plastiki ngumu inayopasuka, na namba zake zilipakwa rangi yenye mionzi ili zing'ae gizani. Marekani iliagiza saa hizo zirudishwe, na pete zikabadilishwa kuwa za chuma. Wakati huo hakuna aliyelia. Alipewa kitu kipya badala ya kilichopasuka. Leo 6542 iliyobaki na pete yake ya bakelaiti nzima inalipiwa zaidi kuliko ile iliyotengenezwa upya. Vivyo hivyo uso wa saa uliopakwa rangi upya, au ganda lililosuguliwa hadi kingo zikalainika, hushusha bei hata kama saa inapendeza macho. Na kwa kuwa kuna watu wanaotengeneza pete za bandia ajili ya saa za kweli, mnunuzi mwenye busara haangalii jina tu. Anafungua mgongo wa saa mbele ya fundi, analinganisha namba, anadai karatasi.

Kuna saa moja iliyovunja kanuni hizo. Mwigizaji Marlon Brando aliing'oa kabisa pete ya GMT-Master yake, ya namba 1675, alipocheza filamu Apocalypse Now, na akakwaruza jina lake mgongoni. Kwa mkono wa mtu mwingine huo ungekuwa uharibifu. Desemba 2019, mjini New York, iliuzwa kwa dola 1.952.000. Walionunua saa za kawaida wakitumaini faida kama hiyo wamepata somo kali zaidi: bei zilipanda sana hadi mwanzo wa 2022, kisha zikashuka, na aliyenunua wakati wa joto lile amebaki na saa nzuri na hasara.

Wilsdorf hakuyaona hayo. Mke wake, Florence, Mwingereza, alifariki mwaka 1944, na hawakuwa na watoto. Mwaka uliofuata aliunda wakfu wenye jina lake na kupanga kwamba kampuni yote iwe mali ya wakfu huo akifa, ili isigawanywe wala isiuzwe. Mtoto aliyeona duka la wazazi wake linauzwa alihakikisha la kwake haliuzwi. Alifariki Geneva tarehe 6 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 79.

Mpango huo bado unafanya kazi. Rolex haina hisa kwenye soko lolote, kwa hiyo tajiri anayetaka kuweka feza zake ndani ya kampuni hapati mlango; ananunua saa, au anangojea zamu yake dukani. Faida inaenda kwa wakfu, ambao unasaidia kazi za jamii, masomo na sanaa Geneva. Mwaka 2012 mji huo ulifungua daraja juu ya mto Arve lililojengwa kwa feza za wakfu. Linaitwa Pont Hans-Wilsdorf.