Dijkstra, Mdachi Aliyefungua Jam ya Kompyuta

Enda kwa mafundi wa jua kali pale Migori. Mmoja ameshika jeki, anangoja spana. Mwenzake ana spana, anangoja jeki. Hakuna anayeachilia, na gari litalala hapo. Kwenye kompyuta hali hii ni mkwamo, na jamaa aliyeutafutia dawa mapema ni Edsger Dijkstra.

Alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1930. Baba mkemia, mama mwanahisabati. Kuanzia 1952 akawa anaandika programu Amsterdam. Mwaka 1956, akinywa kahawa na mchumba wake, alibuni kichwani, kwa dakika kama 20, njia ya kutafuta barabara fupi zaidi. Alipooa 1957, manispaa ilikataa kuandika kwamba yeye ni programa. Kazi gani hiyo? (Vijana wa mtandaoni, hamjaanza leo kuulizwa.) Ikabidi aandikwe mwanafizikia.

Mwaka 1965, akiwa profesa Eindhoven, aliwapa wanafunzi swali la mtihani: kompyuta 5 zinagombania mashine za tepu. Baadaye likageuka wanafalsafa 5 mezani, uma 5, na kila mlaji anahitaji uma mbili. Wote wakishika wa kushoto, wote wanalala njaa. Dawa moja ni kupa kila uma nambari, na kila mtu aanze na ile ndogo. Kwa mafundi wetu: jeki kwanza, spana baadaye, bila ubishi. Aliyekosa jeki hatakuwa na spana ya kumnyima mwenzake.

Alipata tuzo ya Turing 1972, akafundisha Texas, akafariki 2002. Aliacha maandiko zaidi ya 1,300, mengi ameyaandika kwa kalamu ya wino. Msee wa kompyuta, imagine!

Mikwamo nayo haikuisha. Leo data inatiririka kama omena wa Homa Bay wakigawanywa foleni mbili, mbele kuna anayeziunganisha kwa mpangilio. Kila foleni ina nafasi chache. Foleni ya kulia inachuja na kutupa kila kitu. Muunganishaji anangoja neno kutoka kulia, hagusi kushoto. Kushoto kunajaa, mgawaji anasimama, basi hata kulia hakupelekwi kitu tena. Kuongeza nafasi kunachelewesha tu shida. Inayosaidia ni anayetupa kutuma ujumbe mtupu mara kwa mara: mpaka nambari 40, huku sina kitu. Hapo muunganishaji anaachilia za kushoto, na foleni inasonga.