Geoffrey Milne: Aliyechora udongo wetu kabla ya setilaiti

Ukitembea Mafia kutoka Kilindoni kwenda upande wa mashariki, udongo unabadilika chini ya miguu yako. Unaanza na mchanga wa minazi na mihogo, unakutana na bonde lenye maji ambako watu wanalima mpunga, mwisho unakanyaga ardhi nyembamba juu ya mawe ya matumbawe. Mkulima wa hapa hahitaji maabara kujua wapi apande nini.

Lakini kuyaweka mabadiliko hayo kwenye ramani ya nchi nzima ni kazi nyingine kabisa. Aliyeonyesha njia ni Mwingereza Geoffrey Milne, na aliifanya kazi hiyo hapahapa Tanganyika. Wanafunzi wa sayansi ya udongo duniani kote wanafundishwa wazo lake, ingawa wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake.

Kituo cha Amani

Milne alikuwa mkemia wa udongo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule milima ya Usambara Mashariki, Tanga. Kituo kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kisha Waingereza wakakifufua mwishoni mwa miaka ya 1920 kihudumie Afrika Mashariki yote.

Shida ilikuwa moja: eneo kubwa mno, wataalamu wachache mno. Kila nchi ilikuwa na mkemia wake, na kila mkemia aliuita udongo kwa jina lake. Basi wakaanza kukutana. Mwaka 1932 walikutana Amani, mwaka 1934 wakakutana Zanzibar, wakajaribu kukubaliana lugha moja ya kazi.

Mnyororo wa mlimani

Akizunguka bara, Milne aliona kitu kinachojirudia. Juu ya kilima kuna udongo mwekundu usiotuamisha maji. Ukishuka, rangi inapauka na mchanga unaongezeka. Chini kabisa kuna mbuga, ule udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi. Ukipanda kilima kinachofuata, mpangilio ni uleule. Na kinachofuata tena, vilevile.

Wakulima walilijua hili zamani. Wasukuma wana majina ya udongo kwa kufuata mteremko: luseni kwa wa mchanga, itogolo kwa ule mgumu wa chini kidogo, kisha mbuga. Neno mbuga lenyewe likaingia hata kwenye maandishi ya wataalamu.

Alichofanya Milne ni kulieleza jambo hilo kisayansi. Alisema aina hizo za udongo zimeungana kama pete za mnyororo, akauita mpangilio huo katena, neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo. Maji yanateremka, yanabeba chembe za udongo na madini kutoka juu, yanayashusha chini. Kwa hiyo hata pale ambapo mwamba ni mmoja, udongo wa juu na wa chini hautafanana. Mahali pengine mteremko unapita juu ya miamba miwili au zaidi, na hapo tofauti inazidi.

Wazo hilo alilichapisha mwaka 1935, na mwaka huohuo likafika kwenye mkutano wa kimataifa wa sayansi ya udongo uliofanyika Oxford.

Ramani ya 1936

Mwaka 1936 ikatoka ramani ya awali ya udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Milne aliiandaa akishirikiana na wakemia wa nchi jirani. Kipimo chake kilikuwa 1 kwa 2,000,000, yaani sentimita moja ni kilomita 20. Kisiwa cha Mafia, chenye urefu wa kama kilomita 50, hapo kinakuwa sentimita mbili na nusu tu!

Kwa udogo huo huwezi kuchora kila bonde na kila kilima. Hapo ndipo katena ilipookoa jahazi: badala ya kuchora kila udongo peke yake, unachora mnyororo mzima kama kitu kimoja, kisha unaeleza ndani yake kuna nini.

Mkono wa mkulima

Milne hakuishia kwenye miteremko. Mwaka 1938 aliandika kuhusu Bukoba, ambako kibanja cha migomba kina rutuba nzuri huku rweya, nyika ya majani iliyo jirani yake, ikiwa maskini. Kumbe udongo wa asili ni uleule. Wahaya walikuwa wameujenga kwa mikono yao, vizazi kwa vizazi, kwa majani na samadi.

Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alifanya safari ndefu ya kuchunguza udongo wa Tanganyika. Ripoti yake hakuiona ikichapishwa. Alifariki mwaka 1942, na ripoti ikatoka mwaka 1947 kwenye jarida moja la ikolojia la Uingereza.

Mwaka huohuo wa 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa. Ujumbe wa kuupanga ulitumia wiki tisa tu kukagua ardhi. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, mashine zikavunjika, mvua nazo zikagoma. Hadi mradi unafungwa mwaka 1951, zilikuwa zimepotea pauni milioni 36 hivi.

Leo

Siku hizi ramani za udongo zinachorwa kwa kompyuta. Setilaiti inapima mwinuko wa ardhi, programu inakokotoa mteremko na njia ya maji, halafu inakadiria udongo uliopo hata pale ambapo hakuna aliyechimba shimo. Ukiangalia vizuri, ni hoja ileile ya Milne: niambie uko wapi kwenye mteremko, nami nitakukadiria umesimama juu ya udongo gani.

Ila kukadiria si kujua. Kabla hujanunua shamba kwa kuangalia ramani ya kwenye simu, lishuke kwa miguu toka juu hadi bondeni, chimba mashimo matatu, na muulize anayelima jirani.