Wasifu wa Andrew Marton (1904–1992), Mhariri na Mwongozaji wa Filamu

Mtahiniwa, swali la wasifu halitaki orodha ya tarehe tu. Linakutaka uoneshe mhusika alifanya nini hasa. Unaposoma mfano huu, jiulize: kazi inapofanywa na wengi, nani hupewa sifa?

(a) Kuzaliwa na kuanza kazi
Marton alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1904, akiitwa Endre. Alianza kazi Vienna akiwa mhariri wa filamu. Enzi hizo mhariri alikata ukanda wa picha na kuunganisha vipande kwa mkono, mpaka vipande vilivyopigwa siku tofauti vikawa hadithi moja. Baadaye alifanya kazi hiyo Hollywood na Berlin, kisha akaanza kuongoza filamu. Zingatia hoja hii: mtu aliyezoea kuunganisha vipande hujua mapema ni picha zipi zitahitajika.

(b) Kuhama
Mwaka 1933 Wanazi walishika madaraka Ujerumani. Marton, aliyekuwa Myahudi, hakuwa na usalama tena huko. Alifanya kazi Hungaria na Uingereza, na hatimaye akahamia Marekani.

(c) Mchango wake
Filamu ya King Solomon's Mines (1950) ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji. Mwongozaji wa kwanza, Compton Bennett, aliiacha kabla haijaisha, Marton akaikamilisha. Wote wawili wametajwa kuwa waongozaji. Ilipata tuzo 2 za Oscar: ya upigaji picha na ya uhariri.

Kazi yake kubwa zaidi imo katika Ben-Hur (1959). Karibu na Roma, yeye na Yakima Canutt waliongoza mbio za magari 9, kila moja likikokotwa na farasi 4. Upigaji picha ulichukua majuma mengi, lakini mtazamaji huona dakika 9 hivi. Filamu hiyo ilizoa Oscar 11, ikiwemo ya mwongozaji bora, aliyopewa William Wyler. Marton hakupata Oscar kwa mbio hizo. Alipewa tuzo maalumu ya Golden Globe.

Mwaka 1962 alikuwa mmoja wa waongozaji watatu wa The Longest Day. Alifariki California mwaka 1992.

Tahadhari: Usiandike kwamba Marton aliongoza Ben-Hur, utakuwa umemnyang'anya Wyler haki yake. Usimwache kabisa pia, kwani mbio zinazokumbukwa na wengi zina jasho lake. Andika alichofanya, si zaidi wala pungufu.

Maswali
1. Eleza jinsi uhariri ulivyomwandaa Marton kuwa mwongozaji.
2. Kwa nini King Solomon's Mines ina waongozaji wawili?
3. Je, Marton alitendewa haki katika Ben-Hur? Toa hoja mbili.