Dkt Matthew Lukwiya: Aliwafunza wenzake kujikinga na Ebola, akaponzwa na usiku mmoja bila miwani

KIJANA wa Kahawa Wendani hahitaji cheti ili ajipate akihudumia majeruhi. Pikipiki inagongwa hapo Thika Road na kabla ambulensi ipenye msongamano, watu wa bodaboda, mama wa kibanda cha matunda na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta washafika. Mmoja anashika kichwa cha majeruhi, mwingine anaziba damu kwa shati lake. Mikono mitupu, roho safi.

Ni hiyo mikono mitupu inayotufanya tumkumbuke Dkt Matthew Lukwiya wa Uganda. Waganda wengi wanamjua kama shujaa aliyepambana na Ebola mjini Gulu mwaka wa 2000. Lakini kwa kijana anayejitolea mtaani, maisha yake yana funzo lingine: kwamba huruma bila kinga inaweza kukuua, hata ukiwa wewe ndiye mwalimu wa kinga yenyewe.

Mtoto wa mchuuzi

Lukwiya alizaliwa Novemba 24, 1957, huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katika jamii ya Waacholi. Babake alikuwa mchuuzi wa samaki, akafa maji Matthew akiwa na umri wa miaka 12 pekee. Mamake akabaki kulea wavulana wanne kwa biashara ndogondogo ya kuvusha majani chai hadi Sudan na kurudi na sabuni. Mahasla wa leo wanaielewa hiyo hesabu.

Darasani alikuwa moto. Aliongoza mitihani, akapata ufadhili mmoja baada ya mwingine hadi akaingia Chuo Kikuu cha Makerere kusomea udaktari. Mwaka wa 1983 alifika Hospitali ya St Mary's Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, kama daktari mwanagenzi. Hospitali hiyo ya wamishonari ilikuwa ikiendeshwa na mume na mke: Dkt Piero Corti kutoka Italia, na Dkt Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Canada. Haikuchukua muda kabla wawili hao kuona kwamba kijana huyu ndiye atakayewarithi.

Kisa cha Lucille kinafaa kutajwa hapa. Miaka ya vita kaskazini mwa Uganda, alipasua majeruhi wengi wa risasi na mabomu. Vipande vya mifupa iliyovunjika hutoboa glavu, na wakati huo hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na virusi vya Ukimwi ndani ya damu ile. Mwaka wa 1985 alipimwa akapatikana navyo. Aliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi, akafariki mwaka wa 1996. Kwa hivyo Lukwiya hakuhitaji kusoma kitabuni kwamba damu ya mgonjwa inaweza kumwondoa daktari. Alikuwa ameona kwa macho yake.

Ujasiri nao hakukosa. Ijumaa Kuu ya 1989, waasi walivamia hospitali wakitaka kuteka watawa. Lukwiya akajitoa aende badala yao. Alizungushwa msituni karibu wiki nzima akiwa na koti lake la udaktari, kisha akaachiliwa. Wakati mapigano yalichacha, maelfu ya wanavijiji walilala ndani ya ua la Lacor kila usiku kwa kuogopa waasi.

Baadaye alienda Uingereza, katika chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Liverpool, akapata shahada ya uzamili katika tiba ya watoto. Alipewa nafasi ya kubaki afundishe. Akakataa, akarudi Gulu.

Simu ya Jumamosi

Oktoba 7, 2000, Lukwiya alikuwa Kampala na mkewe Margaret na watoto wao watano, akisomea afya ya umma Makerere. Simu ikaingia kutoka Lacor: kuna ugonjwa wa ajabu, wanafunzi wawili wa uuguzi tayari wamekufa. Siku hiyo hiyo alisafiri zaidi ya kilomita 300 kurudi Gulu. Usiku huo alishuhudia mwanafunzi wa tatu akifa.

Kesho yake hakungojea mtu. Alikaa na faili za wagonjwa, akapata vifo 17 vilivyofanana: homa, kutapika, kuhara, wengine kuvuja damu. Akatafuta mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu homa za aina hiyo katika hospitali za Afrika, akausoma, na mara moja akaanza kutenga wagonjwa. Badala ya kufuata ngazi za urasimu, alipigia moja kwa moja afisa mkuu wa wizara ya afya. Damu ilipelekwa Afrika Kusini, na wiki moja hivi baadaye jibu likaja: ni Ebola, aina ya Sudan.

Wataalamu wa kimataifa walipofika walipata wodi ya kutenga wagonjwa ishaanza kazi. Wahudumu walivaa gauni, aproni, mabuti, barakoa, kofia na glavu mbilimbili. Kila anayetoka alipuliziwa dawa ya klorini, ile iliyo ndani ya Jik. Lukwiya alikuwa ametengeneza ratiba ya kazi kwa wale tu waliokubali kujitolea, na yeye mwenyewe alifika wodini alfajiri na kuondoka usiku.

Nje ya hospitali, vita vilikuwa vya watu wa kawaida. Ebola ilikuwa ikisambaa kwa njia tatu kuu: matanga, kuuguza jamaa nyumbani, na kuhudumia wagonjwa bila kinga. Wakati huo maiti iliweza kuoshwa na jamaa wengi, kisha waombolezaji wakanawa mikono katika beseni moja. Watu wa kujitolea walipewa mafunzo, wakaenda nyumba kwa nyumba kufuatilia kila aliyemgusa mgonjwa kwa siku 21, huku wengine wakizika maiti wakiwa wamevalia kinga kamili. Bila hao, wodi ya Lukwiya ingekuwa kama kukausha sakafu huku mfereji uko wazi.

Hata hivyo, wahudumu walizidi kufa. Mwezi Novemba, siku moja iliondoka na watu saba, watatu kati yao wakiwa wafanyakazi wa afya. Mamia ya wafanyakazi wenye hasira na hofu walikusanyika, wakitaka hospitali ifungwe. Lukwiya akakaa nao kwa saa nyingi. Hakuna aliyelazimishwa kubaki, lakini aliwaambia kwamba yeye habanduki. Wengi walirudi kazini.

Usiku mmoja

Kabla ya pambazuko siku moja ya Novemba, wauguzi wa zamu walikuja kumwamsha. Mwenzao mmoja, muuguzi aliyekuwa amelazwa na Ebola, alikuwa amezidiwa: anapumua kwa shida, anakohoa damu, amejiondoa kitandani. Wauguzi waliogopa kumkaribia.

Lukwiya akavaa gauni, kofia, barakoa na glavu mbili. Miwani ya kinga hakuvaa. Akaingia, akamshika mgonjwa, akamrudisha kitandani na kumsafisha damu. Mgonjwa alifariki baadaye.

Mwishoni mwa mwezi huo homa ilimwanza Lukwiya mwenyewe. Vipimo vikathibitisha kile alichokuwa akihofia. Wenzake wanaamini ni ule usiku. Virusi haviingii kwa ngozi nzima isiyo na jeraha, lakini jicho ni mlango wazi, na tone dogo la damu linatosha. Akiwa kitandani aliomba kwamba kama ni kufa, basi awe wa mwisho. Margaret aliruhusiwa kumwona akiwa amefunikwa vazi la kinga, bila kumkumbatia.

Alifariki Desemba 5, 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Alizikwa siku hiyo hiyo ndani ya ua la Lacor, karibu na kaburi la Lucille, kwa kanuni zile zile alizowawekea wengine. Wafanyakazi 13 wa Lacor walipoteza maisha, yeye akiwemo. Nchini Uganda watu 425 waliugua na 224 wakafa kabla mlipuko huo kutangazwa umeisha Februari 2001. Bila wodi yake ya mapema, wengi wanasema, hesabu ingekuwa mbaya zaidi.

Ebola aina ya Sudan imerudi Uganda mara kadhaa tangu hapo, ikiwemo mwaka wa 2022 na mwanzoni mwa 2025 jijini Kampala. Chanjo ya Ebola inayojulikana zaidi ni ya aina ya Zaire, si hii. Maana yake ni kwamba kinga ya kwanza bado ni ile ile ya mwaka wa 2000: glavu, barakoa, miwani, sabuni na klorini.

Inatuhusu vipi Wendani?

Si lazima Ebola ifike Thika Road ndio tujifunze. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi vinaishi kwenye damu, na damu ndiyo tunayoikuta barabarani. Hebu angalia mambo ambayo kundi lolote la kujitolea linaweza kuanza leo.

Kila sanduku la pikipiki liwe na glavu, barakoa na miwani ya plastiki inayofunika macho, kama ile inayouzwa kwenye hadwea. Ukikosa glavu kabisa, mfuko wa plastiki usiotoboka ni afadhali kuliko mkono mtupu. Majeruhi akiwa na fahamu, mwambie ajikandamizie kidonda mwenyewe ukiendelea kujiandaa. Na ukishavaa glavu usiguse uso wala kutoa simu mfukoni kupiga video. Damu ikishafika kwenye simu, itafika shavuni.

Ukimaliza, vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, kisha nawa kwa sabuni na maji. Damu iliyomwagika sakafuni ifunike kwa kitambaa, umwagie Jik iliyochanganywa kipimo kimoja kwa sita vya maji, ungoje dakika kumi ndipo ufute. Jik si ya kidonda wala macho. Damu ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi mengi na uende hospitali mara moja: dawa za kuzuia maambukizi ya HIV lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ndio bora. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ipo pia, ulizia kabla hujahitaji.

La mwisho ndilo kubwa. Lukwiya alijua kila kanuni, maana ni yeye aliyewafunza wenzake. Lakini aliamshwa usingizini baada ya wiki nyingi za kuchoka, na rafiki alikuwa anakufa. Siku hizi katika wodi za Ebola hakuna anayeingia kabla mwenzake amkague kutoka kichwani hadi miguuni, kwa sababu aliyechoka na mwenye huruma hawezi kujikagua. Hata nyinyi hapo steji, pangeni wawili wawili. Kabla mmoja apige magoti kando ya majeruhi, mwingine amwangalie usoni na kuuliza miwani iko wapi.