Harold Ridley, daktari aliyeweka lenzi bandia ndani ya jicho

Usubi, ugonjwa wa ngozi na macho unaoenezwa na inzi weusi wa kando ya mito, si mgeni wilayani Kilosa. Leo tunamtazama daktari wa Uingereza aliyeuchunguza usubi huohuo nchini Ghana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akabadilisha upasuaji wa macho duniani: Harold Ridley.

Alizaliwa mwaka 1906, mtoto wa daktari wa macho. Zama hizo mgonjwa wa mtoto wa jicho alitolewa lenzi iliyoingia ukungu, akabaki na miwani mizito maisha yake yote. Ridley aliona kwamba macho ya marubani wa vita yalivumilia vipande vya plastiki ya vioo vya ndege. Novemba 29, 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, aliweka lenzi ya plastiki ya aina hiyo ndani ya jicho la mwanamke mmoja.

Jicho liliipokea, ila lenzi ilikuwa na nguvu kupita kiasi, na mgonjwa hakuona vizuri mbali bila miwani. Madaktari wakubwa walimpinga Ridley kwa miaka mingi. Uzeeni, yeye mwenyewe aliwekewa lenzi hizo. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 2000, akafariki mwaka 2001.

Tatizo la mgonjwa wake wa kwanza bado linawahusu wanaowekewa lenzi bandia na kupandikizwa kioo cha jicho cha marehemu kwa wakati mmoja. Faida ni kuingia chumba cha upasuaji mara moja tu. Ugumu ni kwamba kipimo cha lenzi hutegemea mviringo wa kioo, na mviringo wa kioo kipya haujulikani mpaka kipone, baada ya miezi mingi. Wengi huona vizuri zaidi kuliko awali, lakini bado huhitaji miwani. Mwili pia unaweza kukikataa kioo kipya, hata baada ya miaka.

Kwa hiyo aliyefanyiwa upasuaji huu asiache dawa ya matone bila ushauri wa daktari. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiumizwa na mwanga au likipungua kuona, arudi hospitali siku hiyohiyo. Kioo kikiwahiwa, mara nyingi huokolewa.