Laurean Rugambwa, Mwanafunzi wa Roma

Katika mji wa Dar es Salaam, karibu na bandari, lipo kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lenye mnara mrefu uliochongoka. Kanisa hilo lilijengwa na wamisionari wa Kijerumani kuanzia mwaka 1897 hata mwaka 1902. Kwa miaka mingi maaskofu waliokaa hapo walikuwa wageni kutoka Ulaya. Hata ulipofika mwaka 1968, akawekwa hapo askofu mkuu Mwafrika, mzaliwa wa nchi ya Bukoba, ambaye sifa zake zilikuwa zimekwisha kuenea duniani. Mtu huyo ni Laurean Rugambwa, na habari zake ni hizi.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 huko Bukongo, katika nchi ya Wahaya, upande wa magharibi wa ziwa la Victoria. Ukoo wake ulikuwa wa watu wenye heshima. Alipata umri wa miaka 8 ndipo akabatizwa pamoja na wazazi wake. Baadaye akaingia seminari ya Rubya, na alipomaliza huko akavuka mpaka, akaenda Katigondo, karibu na Masaka katika Uganda. Masomo yale yalikuwa marefu, na wengi walioyaanza walirudi nyumbani kabla ya mwisho. Yeye hakurudi. Tarehe 12 Desemba 1943 akapewa daraja ya upadre, naye ana umri wa miaka 31.

Wakati alipokuwa mwanafunzi palitokea jambo kubwa katika nchi ile ya Masaka. Padre mmoja Mganda, jina lake Joseph Kiwanuka, alikuwa amepelekwa Roma, akarudi na shahada ya udaktari wa sheria za Kanisa, na mwaka 1939 akawekwa kuwa askofu. Siku zile watu wengi walisema kwamba Mwafrika aweza kufundishwa, lakini hawezi kuongoza. Kwa sababu hiyo kila kijana aliyepelekwa ng'ambo kusoma alichukua mzigo mara mbili, mzigo wa vitabu na mzigo wa jina la wenzake. Akifaulu, mlango hufunguliwa kwa wengine. Akishindwa, watu husema wote wameshindwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 zamu ya Rugambwa ikafika. Alipelekwa Roma, mji mkuu wa Italia, kusoma katika chuo cha Propaganda. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1627 na Papa Urbano wa Nane, kwa ajili ya vijana wa nchi za mbali. Katika zama zetu kipo juu ya kilima kiitwacho Gianicolo, na mtu akiwa huko huliona kuba kubwa la kanisa la Mtakatifu Petro karibu sana.

Maisha ya wanafunzi wa Roma siku zile yalikwenda kwa kengele. Kengele iliwaamsha mapema, ikawaita kusali, ikawaita darasani, ikawaita mezani. Walimu walifundisha kwa Kilatini, na mitihani mingi ilifanywa kwa mdomo, mwanafunzi amesimama mbele ya walimu wake akijibu kwa Kilatini. Walakini Kilatini hakikumsaidia mtu kununua sabuni wala kuuliza njia. Mjini watu walisema Kitaliani, tena kwa haraka na kwa mikono pia. Basi mgeni alikuwa na kazi ya kujifunza lugha mbili, moja ya kitabu na moja ya njiani. Masomo yenyewe yalikuwa mazito. Kitabu cha sheria za Kanisa kilichotumika wakati ule kilikuwa na kanuni 2,414, na mwanafunzi alipaswa kujua maana ya kanuni na mwanzo wake pia.

Tena Rugambwa hakuwa kijana mdogo. Alikuwa padre wa miaka kadhaa, mtu aliyezoea kufundisha wengine na kutoa shauri. Sasa ilimpasa kukaa tena juu ya benchi na kuandika yaliyosemwa na mwalimu. Mtu mwenye kiburi hawezi kazi hiyo.

Mambo ya kila siku nayo yalikuwa mageni. Katika nchi ya Wahaya chakula ni ndizi na samaki wa ziwani. Roma chakula ni mkate, makaroni na mafuta ya zeituni. Bukoba ina mvua nyingi, lakini haina baridi kama ile ya Roma mwezi wa Januari, wakati upepo utokapo kaskazini na sakafu za mawe huwa kama barafu. Kahawa peke yake ilikuwa kama ndugu wa nyumbani, ingawa ilibadili mavazi yake. Wahaya huchemsha buni, huzikausha, kisha humpa mgeni azitafune, iwe alama ya urafiki. Wataliani huzikaanga buni, huzisaga, na hunywa kahawa nyeusi katika kikombe kidogo sana. Namna ni mbali, lakini shabaha ni moja, yaani kumkaribisha mtu.

Jambo jingine lilikuwa la kufikirisha zaidi. Vita kuu vya pili vilikuwa vimekwisha mwaka 1945, na Italia ilikuwa imeumia sana. Katika Tanganyika ya siku zile Mzungu alionekana kuwa bwana, mwenye gari na watumishi. Lakini Roma mwanafunzi Mwafrika aliwaona Wazungu wakifagia njia, wakishona viatu, wakichukua mizigo, na wengine wakitafuta kazi wasipate. Katika soko la Campo de' Fiori, kila asubuhi, aliwaona mama wa Kitaliani wakipigia kelele mboga zao na kubishana juu ya bei, kama wafanyavyo watu wa Kariakoo. Aliyeyaona hayo hakuwa na haja ya kuwadharau Wazungu, wala hakuweza tena kuwaogopa. Alijua kwamba wanadamu ni wamoja, na kwamba umaskini na heshima hazichagui rangi.

Katika chuo palikuwa na wanafunzi wa mataifa mengi, Wahindi, Wachina, Waafrika na wengineo. Tangu zamani chuo kilikuwa na desturi nzuri. Majira ya sikukuu ya Epifania wanafunzi walisimama mbele ya wageni, na kila mmoja alisema maneno kwa lugha ya kwao. Hakuna lugha iliyohesabiwa kuwa ndogo. Lakini mwaka 1949 huzuni iliwaingia wanafunzi wa Kichina. Serikali mpya ilishika nchi yao mwezi wa Oktoba, na wengi wao hawakuweza tena kurudi kwa wazazi wao. Hapo kila mwanafunzi mgeni aliweza kufahamu ya kuwa kurudi nyumbani ni neema, na kwamba elimu ya ng'ambo ni deni ambalo hulipwa nyumbani. Mwaka uliofuata, 1950, ulikuwa Mwaka Mtakatifu, na mahujaji wa dunia nzima wakajaa katika njia za Roma.

Rugambwa alimaliza masomo yake, akapata udaktari wa sheria za Kanisa, akalipa deni lake. Tarehe 13 Desemba 1951 alichaguliwa kuwaongoza Wakristo wa sehemu mpya ya Kagera ya Chini, na tarehe 10 Februari 1952 akawekwa wakfu. Ndiye Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kuwa askofu Mkatoliki. Tena tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane wa Ishirini na Tatu akamfanya kardinali, naye ana umri wa miaka 47. Katika zama hizi hapana Mwafrika mweusi aliyepewa cheo hicho kabla yake, na Tanganyika ilikuwa bado haijapata Uhuru. Kwa desturi kila kardinali hupewa kanisa moja la Roma liwe kama lake. Yeye alipewa kanisa la Mtakatifu Fransisko huko Ripa, katika mtaa wa Trastevere, si mbali na kilima kile alichosomea. Tangu mwaka 1962 hata 1965 alihudhuria Mtaguso Mkuu, na kwa kuwa mashauri yalifanywa kwa Kilatini, lugha aliyotokea jasho juu ya benchi ilimfaa.

Mwezi wa Desemba 1968 akapewa kuongoza jimbo la Dar es Salaam. Mji huo katika hesabu ya mwaka 1967 ulikuwa na watu zaidi ya 270,000. Zamani watawala wageni waliugawa sehemu tatu: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini ng'ambo ya pili ya uwanja wa Mnazi Mmoja, huko Kariakoo. Jina la Kariakoo limetoka katika kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliokuwa na kambi mahali hapo wakati wa vita kuu vya kwanza. Kanisa kuu lilikuwa upande wa bandari, lakini watu wengi walikaa upande wa Kariakoo, Ilala na mitaa ya mbali zaidi, watu wa kila kabila, Waislamu na Wakristo, kila mmoja na lugha yake. Mtu aliyeketi darasani na mataifa mengi alikuwa amejifunza mapema namna ya kukaa na watu kama hao.

Siku zake zilikuwa za mabadiliko. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za misioni ziliingia mikononi mwa serikali. Mwaka 1975 soko jipya la Kariakoo lilifunguliwa, jengo kubwa la ghorofa lililochorwa na Mtanzania, Beda Amuli, ambaye naye alijifunza ufundi wake ng'ambo akaja kuutumia nyumbani. Mji ulikua upesi, na hesabu ya mwaka 1988 ilikuta watu zaidi ya 1,300,000. Rugambwa aliendelea na kazi hata tarehe 22 Julai 1992, alipopumzika kwa uzee. Huko Ukonga iko hospitali yenye jina lake.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997, mwenye umri wa miaka 85, akazikwa Rutabo, katika nchi ya kwao. Mwaka 2012 mabaki yake yakahamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba.

Wengi wamekwenda ng'ambo wakarudi na nguo mpya na maneno ya kigeni tu. Rugambwa aliukubali ugeni, akavumilia baridi na mitihani, akala chakula cha wenyeji pasipo kukisahau cha kwao. Aliyoyapata huko akayaleta kwa watu waliomngoja, na mlango uliofunguliwa kwake haukufungwa tena.